Nakala Yenye Mkia

Usiku wa kuamkia mazishi ya baba niliota faili limetoka kwenye kompyuta yangu, likavuta kiti na kukaa.

Lilikuwa na mkia, kwa hiyo nililijua. Programu yangu ya kuandikia haimwamini mtu. Kila ninapohifadhi maandishi, yenyewe huweka pembeni nakala ya yale yaliyotangulia, na kulibandika jina lake kimkia, alama hii: ~. Mimi huzifuta. Zinajaza folda takataka.

"Umenifuta jioni," faili linasema.

"Baba mdogo aliagiza."

"Baba mdogo aliagiza umtoe Tusekile kwenye wasifu wa marehemu. Kunifuta mimi ulijiongeza."

Tusekile ni dada yangu. Baba alimzaa kabla hajamwoa mama. Wasifu ukisomwa mbele ya jeneza bila jina lake, ukoo mzima umemkana, na mimi ndiye niliyechapa.

Mara tuko kanisani. Baba ameketi ndani ya jeneza, amevaa miwani, anasoma wasifu wake.

"Gwakisa, nani kahifadhi hii?"

"Mimi, baba."

"Hifadhi tena, nione."

Kompyuta iko mapajani pangu; nabonyeza. Waombolezaji wote wanarudi nyuma benchi moja, na wa benchi la mwisho wanatoka nje. Ndiyo utaratibu, kipya kikiingia cha zamani husogea; hakuna anayelalamika. Nabonyeza tena kwa woga tu, kama kawaida yangu, na Tusekile anajikuta mlangoni na mkoba wake.

"Mdogo wangu," anasema, "hata pa kukaa sina?"

Naangalia viatu vyangu. Naona aibu.

Baba anavua miwani. "Wewe mwenye mkia, unayo nakala ya zamani?"

"Ya zamani kiasi gani, mzee?"

"Ya kwanza kabisa."

Nikazinduka. Kulishakucha. Kompyuta niliyoizima mwenyewe ilikuwa inawaka, na kwenye folda niliyoisafisha kulikuwa na faili moja lenye mkia, limehifadhiwa nikiwa usingizini. Nikalifungua.

"Marehemu ameacha mtoto mmoja, Tusekile."

Nikasoma mpaka chini. Mimi sikuwamo. Nikarudia kusoma.

Baba mdogo akagonga mlango. "We Gwakisa! Umeshachapa? Mchungaji amefika!"

"Bado, baba mdogo," nikajibu, nikaanza kuliandika jina langu chini ya la dada.