Mjane Mstari wa Mwisho

Dufie aliipenda ile fanksheni yake kuliko kitu chochote alichowahi kuandika kwenye kompyuta. Ofisi yao pale Adum, katikati ya Kumasi, ilitengeneza mabango ya misiba, na Kumasi msiba bila bango si msiba. Zamani kila bango lilipangwa upya, huku ndugu wakigombea nani atangulie. Dufie akaandika kipande kimoja cha maelekezo ya kompyuta, ndiyo hiyo fanksheni, akakipa jina: Panga Wafiwa. Ukikiita, ukakipa majina na nafasi iliyopo, kinakurudishia majina yamepangika: mkuu wa ukoo, ndugu wa marehemu, wapwa, watoto, na mjane mwisho. Majina yakizidi nafasi, kinakata kuanzia chini. Kiitwe na bango, kiitwe na tangazo la redio, jibu ni lile lile. Wakuu wa koo, ambao ndio wateja wenyewe, walifurahi mno.

Siku moja mjane mmoja, Maame Afriyie, alikuja kulalamika kwamba amezeeka na mume wake na bado jina lake halimo kwenye bango la msiba wake. Dufie hakumkaripia. Alifanya vibaya zaidi: alimpa somo, tena kwa tabasamu.

"Maame, hii ni kama mashine ya kusaga. Haiulizi mahindi ni ya nani. Unatia, inatoa."

Mama wa watu akaaga, akaenda zake. Ofisi nzima ikacheka, Dufie akiwemo.

Kisha baba yake Dufie akafariki.

Kwa Waashanti mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo maiti ya baba ilikuwa ya ndugu zake na wapwa zake. Hilo Dufie alilijua tangu utoto na halikumsumbua. Kilichomchoma ni rasimu ya bango. Wapwa walikuwa wamejaa tele, hadi wale wa Uholanzi ambao hawakuwahi hata kumpigia mzee simu. Yeye Dufie alikuwepo, mstari wa mwisho. Mama yake, Maame Birago, hakuwepo. Na ndiye aliyemwogesha na kumlisha mzee tangu alipopooza.

Akaifungua fanksheni, akampandisha mjane awe wa pili. Alipolitoa bango upya, jina la mama likatokea juu, kubwa, na machozi yakamtoka kwa furaha. Uchungu ulimsahaulisha jambo analomfundisha kila mgeni pale ofisini, kwamba fanksheni ni moja na wanaoiita ni wengi. Ukiigusa kwa ajili ya mmoja, umewagusa wote. Kabla ya mchana mkuu wa ukoo mmoja wa mtaa wa Bantama akapiga simu akifoka. Bango la kwake lilikuwa limemweka, chini tu ya jina lake, mjane ambaye ukoo ulishamfukuza nyumbani.

Bosi Ntiamoah akaja kusimama nyuma ya kiti cha Dufie. Dufie akamsihi amruhusu aweke sharti dogo tu mle ndani: marehemu akiwa baba yake, mjane apande, wengine wote wabaki walivyokuwa.

"Na kesho atakuja mwingine na baba yake," Bosi alisema. "Nakupa pole Dufie, tena ya kweli. Lakini mashine haiulizi mahindi ni ya nani. Si maneno yako hayo?"

Akamwomba ainuke, akakaa yeye. Akaurudisha mpangilio wa zamani, akayatuma mabango yote kwa wachapaji. Safari hii hakuna aliyecheka.

Jumamosi bango lilikuwa limebandikwa kwenye ukuta wa nyumba ya ukoo. Maame Birago, amejifunga kitambaa chake cha msiba, cheusi na chekundu, alilisoma kwa kidole. Kidole kilishuka hadi chini, kikapanda, kikashuka tena. Dufie alisimama kando yake.

"Nani aliyapanga haya majina?" mama aliuliza.

"Kompyuta, Mama."

Maame Birago akashusha pumzi, akakishika kiganja cha binti yake.

"Afadhali," alisema. "Nilidhani kuna mtu alikaa chini akanifuta."