Kona ya Kaskazini Mashariki

Upepo ulianza kuupiga mji wa Toamasina alfajiri, ukitoka kusini. Jua lilipopanda, mabati yalikuwa yakiruka juu ya barabara ya bandarini, na minazi iliyopandwa na baba zetu ilikuwa imelala. Mimi niliketi juu ya kigoda changu katika kona ya kaskazini mashariki, iliyo kona ya wahenga katika kila nyumba yetu, nimempakata kitukuu changu mchanga. Mama yake, mjukuu wangu Volatiana, aliketi kusini mwangu, kama impasavyo mdogo. Mlangoni, kusini kabisa mwa nyumba, penye tenga la kuku, alijikunyata jirani yetu Bezara.

Bezara ni mtani wangu. Ukoo wake na wetu hutukanana tangu enzi za mababu, wala hakuna anayekasirika.

“Mtumwa wangu,” aliniambia, “paa langu limeondoka bila kuaga. Likipita kwako, lizabe kofi.”

Adhuhuri upepo ukakatika ghafla, jua likawaka. Majirani wakatoka kuokota sufuria zao, nami nikawashukuru Mungu na wahenga. Lakini Volatiana, aliyekuwa na redio sikioni, hakutulia. Alitazama ukuta ulio nyuma yangu, akamtazama mtoto, akaniuliza kama sijachoka kumpakata. Nikamjibu kuwa sijachoka. Akaniuliza tena. Nilitambua kwamba ana neno, na kwamba adabu niliyomfunza mwenyewe imemziba kinywa, kwani mjukuu hamwondoi babu mahali pake. Mwishowe akaenda kumnong’oneza Bezara.

Bezara akasimama.

“We kizee, toka hapo. Hili ni jicho la kimbunga tu. Upepo unarudi sasa hivi, na safari hii unatoka kaskazini, unakuja na huo ukuta. Njoo ukae huku na kuku wenzio.”

“Nikae kusini mwa mjukuu wangu?”

“Basi baki. Mtoto nipe mimi. Wewe wahenga wako wanakungoja, huyu bado tunamtaka.”

Kauli hiyo ingetoka kwa mtu mwingine, ningemfukuza. Kwa mtani haina kosa. Nikainuka na mtoto.

Hatukuwa tumeketi sawasawa upepo ulipotua kutoka kaskazini. Ukuta ukavimba kuelekea ndani, kisha kona yote ikaporomoka, boriti ikakisaga kigoda changu. Nilimfunika mtoto kwa koti, nisijue kama upande wetu nao utasimama.

Ulisimama. Jioni, kupitia lile pengo, niliuona mji: kanisa halina paa, winchi za bandari zimepinda, maji ya matope yamefika madirishani mwa nyumba za bandarini. Watu waliita majina ya wale waliotoka nje wakati wa utulivu, na mengi hayakuitikiwa.

Bezara alidai kuku wangu mnono kuwa ni haki ya mtani. Nikampa. Volatiana akapika wali, kisha akasimama na bakuli mkononi, asijue mkubwa aandaliwe wapi.

“Weka hapa hapa,” nikamwambia, nikiwa kando ya tenga, mtoto amelala magotini pangu.