Kocha wa Taji la Bati

Kwa miaka mitatu watu wa Kaptagat walimuuliza Mzee Joseph Cheboi binti yake anafanya kazi gani, na kwa miaka mitatu alijibu kwamba Jebet yuko mjini. Huo haukuwa uongo. Jebet alikuwa Eldoret kweli, katika gereji moja ya Kapsoya, uso umepakwa rangi ya dhahabu, kichwani taji lililokatwa kwenye bati la paa, akiimba.

Bendi yao iliitwa Taji la Bati. Walikuwa wanne. Cyril alipiga gitaa linalonguruma kama msumeno wa umeme, Mwihaki alibonyeza kinanda kilicholia kama Jumapili asubuhi, Kevin alitwanga ngoma, na juu ya vurugu hiyo yote sauti ya Jebet ilipanda kama moshi siku isiyo na upepo. Walianzia harusini, wakafukuzwa kabla ya keki. Baadaye wakapata kumbi za vyuo, na mara moja redio. Kila wimbo wao ulikuwa mchezo wa kuigiza. Katika "Mazishi ya Mahindi", Cyril aliletwa ndani ya jeneza, amevikwa maganda ya mahindi tangu shingo hadi miguu, kisha akafufuka na gitaa mkononi. Wakulima wa Uasin Gishu, ambao kila mwaka huyazika mahindi yao kwa bei duni, walicheka hadi machozi.

Lakini kulikuwa na donda. Maonyesho matatu mfululizo, sauti ya Jebet ilikatika kwenye wimbo wa nne, akabaki anafungua mdomo kama samaki. Bendi moja ya Nairobi ilikuwa imemwita Cyril, naye hakuficha. "Onyesho la Jumamosi tukizimika tena," alisema, "mimi naenda." Bila gitaa la Cyril hakukuwa na Taji la Bati.

Kwa hiyo Jumatatu Jebet alipanda kwenda nyumbani.

"Baba, pumzi inaniisha."

"Inakuishia wapi?"

"Wimbo wa nne."

Mzee aliweka kikombe chini. Alikuwa amefundisha wakimbiaji miaka thelathini na miwili, na katika watoto wake watano hakuna aliyewahi kumuuliza habari za pumzi. Hakutegemea swali hilo lije limepaka rangi ya mdomo, lakini lilikuwa limekuja.

Jioni hiyohiyo aliketi juu ya tairi kuukuu pale gereji, saa yake ya mbio shingoni. Hakuangalia jeneza wala maganda. Aliangalia mguu wa Kevin.

"Kijana," alisema walipomaliza, "umeanza vizuri. Halafu ukaanza kukimbia kama mtu aliyeona fisi. Nani anakufukuza?"

"Ni mzuka tu, Mzee. Mafans wanataka moto."

"Binti yangu ana safari ya mita elfu kumi, wewe unamkimbiza mia nne."

"Lakini Kocha, hii ni rock, si riadha," Cyril alisema.

"Mapafu hayajui tofauti. Na hiyo kofia ina kilo ngapi?"

"Ni taji, Baba."

"Taji huvaliwa na aliyemaliza. Utalivaa wimbo wa mwisho."

Kuanzia Jumanne hadi Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, walikimbia barabara ya vumbi ya Kaptagat huku wakiimba. Mwihaki, mtoto wa wenye duka, ambaye hata mvua hakuwahi kuikimbia, aliketi kando ya njia kilomita ya pili.

"Mzee, mimi hucheza nikiwa nimekaa. Mbona nakimbia?"

"Ili ujue wenzako wanavyoteseka. Simama."

Jumamosi saa tisa alasiri ukumbi ulijaa. Mzee alisimama pembeni mwa jukwaa, mahali ambapo Kevin angemwona, akipiga mkono wake polepole hewani. Alikuwa mweka kasi. Katika mbio kubwa, mweka kasi huwaongoza wenzake kwa mwendo mmoja, na mwisho ukikaribia hutoka njiani akawaachia mbio wenyewe.

Wimbo wa nne ulipita. Wa tano ukapita, sauti ya Jebet bado nzima. Ukabaki wa mwisho, "Mazishi ya Mahindi". Kevin alimtazama Mzee, akingoja mkono. Mzee alitamani kuendelea. Kwa kweli alitamani sana. Akautia mkono mfukoni, akashuka jukwaani, akatoka nje bila kugeuka.

Akiwa mlangoni alisikia kimya kifupi, kisha kishindo. Jebet alikuwa amevaa taji. Sauti ilipanda, ikapita gitaa, ikakaa juu huko muda mrefu kiasi kwamba Mzee alisahau kubonyeza saa yake.

Kibuyu cha mursik alikuwa amemwachia mlinzi, kimefunikwa kwa gazeti. Maziwa hayo hunyweshwa mshindi anaporudi nyumbani, na hakutaka Jebet ayaone kabla ya mstari wa mwisho.

Wa kwanza kutoka alikuwa Cyril, maganda yakidondoka.

"Kocha, Jumanne ni saa kumi na mbili ileile?"

"Ileile."

Kisha akaja Jebet, jasho na dhahabu vikimtiririka. Mzee alimwinulia kibuyu, naye Jebet akanywa, na mdomo wa kibuyu ukabaki unang'aa rangi ya dhahabu.

"Huyu alishinda mbio gani, Mzee?" mlinzi aliuliza.

"Si mkimbiaji," Mzee Joseph alisema, bila kuifuta ile rangi. "Ni mwimbaji. Ni binti yangu."