Kiti cha Katikati

Taa ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, na ilikuwa nyekundu. Kaka yake Urvi, Deepak, alikuwa amesema kwa simu kwamba ikigeuka kijani, mama yao ataimba. Tangu wateja wa mchana walipopungua, Urvi alikuwa ameikodolea macho, nayo ikamkodolea yeye bila haya, nyekundu vilevile. Spika tano alizozipanga kuzunguka sebule zilitoa mlio hafifu, kama vitunguu vinavyokaangwa nyumba ya jirani. Mama hakuwamo.

Alizima. Akatega sikio kujua kama baba yake amesikia chochote huko mbele dukani, lakini hakusikia ila misumari ikimiminwa kwenye mizani. Mzee Jashvant alikuwa akiuza misumari, mabati na saruji katika duka hilo la mjini Shinyanga tangu kabla Urvi hajazaliwa, na familia iliishi nyuma ya duka. Tangu mkewe afariki alikuwa akiuza kwa sauti ya chini, kama anayenong'oneza bei.

Mkewe, Madhuben, alikuwa amepelekwa Leicester kutafuta matibabu, kwa mtoto wao mkubwa Deepak. Matibabu hayakufua dafu. Lakini katika zile wiki chache alizokuwa bado na nguvu, Deepak, ambaye alikuwa fundi wa studio, alimkalisha katikati ya maikrofoni na kumrekodi akiimba kila alichokijua: nyimbo za ibada, za jikoni, za kulaza watoto, na wimbo mmoja wa kupura mtama aliofundishwa na rafiki yake Msukuma. Aliupanga muziki huo kwa ule mtindo mpya wa sauti kutoka pande zote, mbele na nyuma, msikilizaji akakaa ndani yake kama mtu aliyekaa jikoni na mpishi. Diski za kawaida hubeba sauti za pande mbili tu. Hizi zilizibeba zote zikiwa zimefungwa pamoja kama mzigo mmoja, na kisanduku cheusi chenye ile taa ndicho kilichojua kuufungua.

Deepak alipoleta majivu ya mama yake nyumbani, alileta pia diski, kisanduku na spika. Studio ilikuwa imefungwa, vyombo vimeuzwa, tepu za asili zimefutwa na mwenye mali. Kilichobaki cha sauti ya Madhuben duniani kilikuwa ndani ya kifurushi kile.

"Vumbi la Shinyanga litazila diski hizi," alimwambia dada yake kabla ya kuondoka. "Zinakili zote kwenye kompyuta yako. Zinakili kama zilivyo. Usizibane, usizikate, usiguse kitu."

Urvi alikuwa na chumba cha kuchapa barua na kufundishia kompyuta, na hakuna aliyemzidi uangalifu mtaa ule. Alinakili diski moja baada ya nyingine, akafuta kila moja kwa kitambaa laini kabla na baada. Kisha akazipanga faili zake, si kwa namba za diski, bali kwa jinsi siku ya mama yake ilivyokuwa ikienda. Folda ya kwanza aliiita Alfajiri. Iliyofuata ikawa Jikoni, kisha Wageni, kisha Usingizi. Kazi hiyo ilimtuliza. Wakati wa kupanga alimwona mama yake akipita na beseni la unga, akamwona yule wa "Wageni" akijifunga sari upya haraka haraka kwa kuwa mtu amegonga mlango. Ilimpendeza mno hata hakuona haraka ya kusikiliza, na isitoshe nyumba ilikuwa na msiba. Nyumba yao ikifiwa, kwa mwaka mzima haipigi muziki, na kila chenye sauti hupunguzwa. Redio ilisoma habari kwa mnong'ono. Televisheni ilionyesha watu wanaofungua midomo. Hata ule mstari mdogo wa sauti kwenye skrini ya kompyuta, unaopandishwa na kushushwa kwa mausi, Urvi aliushusha jioni ileile ya majivu, kama mtu anavyovua viatu mlangoni, na asiukumbuke tena.

Mwaka ulipokaribia kwisha ndipo alipojaribu kusikiliza, akakuta vitunguu vinakaangwa. Alirudi kwenye diski zenyewe, akazipiga humohumo kwenye kompyuta, ambayo alikuwa ameileta sebuleni na kuiunganisha na kisanduku. Mlio uleule. Alibadili nyaya, akaziondoa spika na kuzirudisha, akampigia Deepak simu iliyokatika mara mbili.

"Umebadilisha kitu?" Deepak aliuliza.

"Sijagusa kitu."

Wala hakusema uongo, kwa jinsi nyumba ile ilivyoelewa kugusa.

"Basi labda joto la njiani limeziharibu," Deepak akasema, na simu ikakatika kwa mara ya tatu. Urvi alibaki na mkono wa simu sikioni, akijua kwamba yeye ndiye aliyekabidhiwa sauti ya mama yake, na kwamba sasa haipo.

Hakumwambia baba yake. Kila jioni mzee alipofunga duka aliuliza, "Umefika wapi, binti?" naye akajibu, "Napanga, Bapuji." Mzee akaridhika. Kilichokuwa kibaya zaidi ni kwamba alikwisha kuwaalika watu. Kumbukumbu ya mwaka ingekuwa Jumapili, na ndugu wa Mwanza na marafiki wa Songwa walikuwa wameahidiwa kwamba baada ya sala Madhuben mwenyewe atawaimbia. Mzee alikuwa ameanza hata kutabasamu. Alichukua kiti chake cha kuegemea, akakiweka katikati ya sebule, pale Deepak alipoonyesha kwamba sauti zote zinakutana, na hakumruhusu mtu kukikalia, yeye mwenyewe akiwamo. Alikuwa akipita kando yake, huku amejibana ukutani.

Mficha maradhi kilio humfichua. Urvi aliujua msemo huo vizuri, na kila alipokiona kile kiti aliukumbuka upya.

Alhamisi hiyo, akiwa bado amekaa mbele ya taa, alisikia pikapu ikizimwa uani, na mlango wa jikoni ukafunguliwa bila hodi. Mtu mmoja tu alikuwa na haki hiyo. Mbuke, yule rafiki Msukuma, alikuwa amefuata misumari dukani miaka mingi nyuma, akiwa bado mke wa mkulima, akaishia jikoni kwa Madhuben akijifunza kusukuma chapati, na yeye akamfundisha Madhuben kupika michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga. Sasa alikuwa na karasha mbili huko Rwamgasa, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na wanaume wengi walimwogopa. Urvi alimwita Masi, yaani dada wa mama, tangu alipojua kuita.

"Shikamoo, Masi."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Mbona umenyauka? Huli?" Mbuke alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuishindania na mashine. Akaweka mfuko wa michembe mezani. "Baba Deepak ameniambia Jumapili mama yako ataimba. Jumapili kutakuwa na watu, sitalia vizuri. Nimekuja nimsikie leo."

Urvi alifungua mdomo ili aseme kwamba bado anapanga. Neno hilo lilikataa kutoka.

"Masi, haimbi," alisema. "Nimemharibu. Ni kelele tupu zimebaki."

Alishangaa kwamba alipoyasema hayo paa halikuanguka. Mbuke akavuta kigoda akakaa.

"Ziweke hizo kelele."

Urvi akafungua folda ya Jikoni na kubofya faili ya kwanza. Taa nyekundu. Vitunguu.

"Umeweka?"

"Inalia, Masi."

"Inalia wapi? Masikio yangu nimeyaacha kwenye karasha. Ongeza."

Urvi akaupandisha mstari wa sauti kidogo, kiasi cha ukucha.

"Bado."

"Masi, baba yuko dukani. Na tuna msiba."

"Msiba." Mbuke alilitamka neno hilo taratibu. "Sisi kwetu msiba unasikika mpaka kijiji cha pili. Nilikuja hapa siku ya majivu, nikapiga yowe, mkanitazama kama nimevunja sahani. Nikanyamaza kwa heshima yenu. Mwaka mzima nimenyamaza, mimi. Basi leo, kama rafiki yangu ameharibika, na nimsikie alivyoharibika. Usinifichie mgonjwa wangu."

Urvi hakuwa mtu wa hasira, ndiyo maana ilipomjia hakujua pa kuiweka. Ilikuwa hasira ya taa, ya simu zinazokatika, ya redio inayonong'ona, ya mwaka mzima wa kutembea kwa vidole katika nyumba ambayo mama yake alikuwa akiimba huku akigonga vifuniko vya sufuria.

"Haya, sikia," alisema, akaushika ule mstari na kuupandisha.

Mlio ukapanda nao. Vitunguu vikawa mvua ya mawe juu ya bati, kisha bati lenyewe likawa linapasuliwa, pande zote tano za chumba. Mbuke akafumba macho, akaitikia kwa kichwa kwamba sasa anasikia. Kutoka dukani mzee aliita, "Urvi! Ni nini hicho?" Mwaka mzima hakuwahi kuita kwa nguvu vile. Mkono wa Urvi ulitaka kushusha. Akaukaza, akasukuma mpaka mwisho, mpaka mstari ulipogota.

Kukawa kimya.

Taa ikawa ya kijani.

Kisha mtu akakohoa kidogo, mbele kabisa, karibu na dirisha, na sauti ya Madhuben ikauliza kwa Kigujarati, "Deepak, hii imewaka?"

Siku iliyofuata Deepak angemweleza dada yake kwa simu, akicheka na kupenga makamasi kwa pamoja, kwamba mzigo ule ni hesabu tupu, na kwamba kuipunguza sauti kwenye kompyuta ni kuibadilisha kila hesabu, kisanduku kisiitambue hata moja. Angesema kwamba hakufikiria kumwonya, kwa kuwa huko aliko hakuna aliyewahi kuanza kwa kupunguza. Lakini hayo yalikuwa ya kesho. Kwa wakati ule Urvi alielewa jambo moja tu, kwamba mama yake alikuwa mzima ndani ya diski zile muda wote, na kwamba waliomnyamazisha ni wao, kwa adabu. Akashuka akakaa sakafuni palepale, akalia kwa sauti kubwa kama mtoto aliyeonekana baada ya kupotea sokoni, na hakujali nani anasikia.

Madhuben alianza na wimbo wa kupura mtama. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko zamani, lakini iliyashika maneno ya Kisukuma kwa lafudhi ileile mbovu iliyokuwa ikimchekesha Mbuke hadi machozi. Mbuke hakucheka. Aliitikia kiitikio, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, na alipofika mwisho wa mstari kiitikio kikageuka yowe, lile alilolimeza siku ya majivu.

Mzee Jashvant alikuwa amesimama mlangoni, misumari bado mkononi.

"Punguza kidogo, Urvi," alisema kwa mazoea, lakini macho yake hayakuwa kwa binti yake.

"Haipungui, Bapuji. Ikipungua anaondoka."

Mzee akaiweka misumari juu ya kabati, akaenda kufungua dirisha la barabarani, lile lililokuwa limefungwa mwaka mzima. Mwendesha baiskeli mmoja alishusha mguu, akatazama ndani.

"Kaa, Baba Deepak," Mbuke alimwambia huku akijifuta kwa upande wa khanga. Mzee akakitazama kile kiti, akasitasita, ndipo Mbuke akamshika kiwiko na kumkalisha kama bwana harusi.

Wimbo uliisha, lakini Deepak hakuwa amekata rekodi. Mvua ya Leicester ilisikika nyuma yao, ikigonga kioo ambacho hakikuwamo chumbani. Kiti cha huko studio kikalia. "Umechoka wewe," sauti ya Madhuben ilisema, sauti ya mgonjwa anayewaza uchovu wa wengine. "Ngoja nikuletee chai." Kisha zikasikika bangili. Zilianzia kwenye spika ya kushoto, zikagongana polepole kwa mwendo wake ule wa kuvuta kandambili, zikazunguka kupitia nyuma ya chumba. Urvi alinyamaza ili asikie. Mbuke akageuka kutazama mgongoni kwake.

Mzee Jashvant hakugeuka. Alikuwa amefumba macho, shingo yake ikizifuata bangili taratibu, kushoto, nyuma, kulia. Zilipokaribia upande wa jikoni, akavuta miguu yake chini ya kiti, kumpisha.