Viti Kumi na Kimoja vya Rebero

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa pili, saa tatu asubuhi, watu wa mudugudu, yaani mtaa mzima, walipokuwa wakifyeka nyasi za umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, viti kumi na kimoja viliota nyuma ya nyumba ya Swafiya, kilimani Rebero. Swafiya alikuwa barazani akipiga pasi sare ya mtoto wa jirani. Aliviona vikichomoza taratibu kama uyoga baada ya mvua. Akamaliza kwanza mkono wa kushoto, maana pasi ya mkaa ikipoa kazi inakuwa mbili.

Vilikuwa vya miguu mitatu. Miguu ilijisokota pamoja hadi kiunoni, kisha ikafunuka juu kubeba kikalio. Rangi yake ilikuwa ya maini, na ukivigusa vilikuwa na joto la mwili wa mtu. Munyaneza, mkuu wa mudugudu, aliweka panga chini, akavihesabu, akaviandika kwenye daftari lake chini ya orodha ya mitaro iliyozibuliwa.

"Mama, hivi viti iko vyako?"

"Vimeota kwangu."

"Basi usiache vizibe njia. Wiki ijayo iko wakaguzi."

Swafiya alijua ni vya nani. Katika familia yao, mtoto akizaliwa kondo lake la nyuma lilifungwa kwenye kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye duka lao la ushonaji, likazikwa nyuma ya jiko, palepale vilipoota viti. Cha kwanza, karibu na tanuri, kilikuwa chake mwenyewe, cha mwaka sitini na sita. Vingine vilikuwa vya wadogo zake, vya wanawe, vya wajukuu. Vitatu vilikuwa vya watu ambao hawapo tena, na joto lake lilikuwa sawasawa na la wengine.

Shimwa, bintiye wa mwisho, mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Alikikalia cha kwake, akanyoosha miguu.

"Hiki kinanijua mgongo," alisema, akaomba chai.

Jumatatu yake Swafiya aliweka vipande viwili vya kitenge juu ya kiti ili atafute sindano. Alipovichukua vilikuwa kimoja. Aligeuza nje ndani akitafuta mshono, hakuuona. Tangu siku hiyo pindo zote alizipitisha huko, cherehani akaiachia vifungo na zipu.

Mpangaji wa chumba cha uani aliitwa Phiona. Alikulia Kampala, na alikuwa akifanya kazi kwenye maabara mjini. Alikwangua kiti kimoja kwa wembe, akaweka unga wake kwenye kichupa, akaenda nao kazini. Jumatano jioni alirudi na picha kwenye simu.

"Mama Shimwa, hii si mbao. Ni protini. Iko kwenye kondo la kila mtu, ila huwa ndogo haionekani. Tazama: nyuzi tatu za aina moja zimeshikana, zinasimama juu ya ngozi ya chembe ya mwili. Ikigusana na chembe ya jirani inafyatuka kama mwavuli, inachoma ndoana upande wa pili, halafu inajikunja na kuvuta mpaka ngozi mbili zinakuwa moja."

"Bila uzi."

"Bila uzi. Ndiyo inayoshona ule utando kati ya mama na mtoto. Chembe zote zinakuwa shuka moja, hakuna mwanya. Chakula kinapita, damu hazichanganyiki."

"Fundi mzuri. Alijifunzia wapi?"

Phiona alicheka kidogo, akamwita bibi kwa lugha ya Kampala. "Alikuwa mwizi, nyabo. Alikuwa kirusi. Ile ndoana alikuwa anaivunjia nyumba za watu. Aliingia kwa mababu zetu, hata hawajawa watu bado, miaka milioni ishirini na tano au zaidi iliyopita. Akajiandika ndani ya mbegu yao, akashindwa kutoka. Na hayuko peke yake. Ukiusoma mwili wako wote, katika kila sehemu mia, kama nane ziliandikwa na wageni wa namna hiyo. Wengi wamelala. Huyu akapewa kazi."

"Mgeni siku mbili," Swafiya alisema, "ya tatu mpe jembe."

"Ndiyo hivyo. Na sasa bila yeye hazaliwi mtu."

Swafiya alikata uzi kwa meno. "Na hati alipewa na nani?"

Phiona aliirudisha simu mfukoni.

Swafiya aliuliza habari ya hati kwa sababu barua ya amri ilikuwa imekuja. Ilisema kiwanja kikabidhiwe Alhamisi ya tarehe ishirini mwezi wa tatu, kitakuwa maegesho ya magari ya hoteli. Ilisema pia kwamba wakazi wake hawatambuliwi kama wenye ardhi, na hilo lilikuwa kweli kwenye vitabu. Mwaka ule wa kuandikisha ardhi, karani alipofika na karatasi zake alimkuta baba yake Swafiya, mzee Usumani, akitawadha. Akamuuliza: mwenye kiwanja ni nani? Usumani alikuwa amelelewa kwamba muungwana hajisifii mali mbele ya mtu. Akafuta uso, akajibu kama alivyojibu maisha yake yote: "Mwenyewe ni Mungu, mwanangu. Sisi hapa wageni tu. Karibu chai." Karani alikunywa chai vikombe viwili, akaandika: mwenyewe: hayupo; wakazi: wageni. Usumani akatia dole gumba kwa adabu.

Na yule mzee alipaswa kujua hatari ya jibu kama hilo. Ndani ya msahafu wake alitunza kikaratasi cha baba yake, aliyekuja kutoka Tabora na mizigo ya nguo: kibali cha enzi ya Mbelgiji cha kutoka kambi ya Waswahili, walikotengwa Waislamu wageni, siku moja, kwenda na kurudi. Kila ofisi iliyofuata iliuliza swali lilelile, ninyi hapa ni nani, kwa kalamu mpya. Ofisi hubadilisha viti, mtu wa kusimama ni yuleyule.

Swafiya hakuomba nyumba tena. Aliomba wiki mbili. Shimwa angejifungua mwisho wa mwezi, na kondo la kumi na mbili lilipaswa kulala pale pamoja na mengine. Baada ya hapo wangechukua walichotaka.

Eddie wa ofisi ya vipimo vya ardhi alikuja Jumanne, siku mbili kabla ya makabidhiano, kijana safi, viatu vimepigwa rangi. Swafiya alimpeleka nyuma ya jiko.

"Ukihesabu hivi, umehesabu waliozaliwa hapa. Cha kwanza kina miaka karibu sitini."

Eddie alivitazama, akavipiga picha kutoka pande nne, akaketi kwenye kile cha Swafiya na kufungua faili lake juu ya cha jirani. "Hii naielewa, Mama. Hata mimi naikubali, watu walizaliwa hapa. Lakini mfumo unauliza namba ya kiwanja. Kuzaliwa iko kwenye ofisi nyingine."

"Wiki mbili tu, mwanangu."

"Wihangane, Mama, vumilia. Tarehe imeshaingia kwenye mashine."

Alipochukua faili, barua ya amri na nakala ya kitabu cha ardhi vilikuwa karatasi moja, maneno ya moja yamepita katikati ya maneno ya nyingine, hakuna linalosomeka. Swafiya aliitazama ile karatasi kwa matumaini.

"Imeungana," Eddie alisema. "Si kitu. Nitachapa nyingine."

Na alipotaka kuinuka, suruali ilikataa kuachana na kiti. Swafiya alikata kitambaa kukizunguka kikalio, akampa shuka ajifunge, akaweka kiraka cha rangi ya kufanana. Eddie alishukuru kwa mikono miwili. Kabla ya kuondoka alikumbusha: Alhamisi, saa mbili.

Jioni hiyo Swafiya na Phiona walichimba kuvihamisha. Chini ya udongo viti vyote kumi na kimoja vilikuwa na mzizi mmoja, mpana kama mkeka, umepita chini ya jiko, chini ya nyumba, ukaingia kwa majirani. Wakafukia, wakanawa.

Alhamisi saa mbili walikabidhi funguo. Ijumaa, wakati wa adhana ya adhuhuri, Shimwa alijifungua mtoto wa kiume.

Muuguzi aliwapa kondo kwenye ndoo yenye mfuniko. Swafiya alipanda nayo Rebero kwa pikipiki, ndoo mapajani. Kiwanja kilikuwa kimezungushiwa mabati mapya, na mabati yote yalikuwa yameshakuwa bati moja, hayana mlango wala mwanya. Mlinzi alikuwa nje, ameegemea.

"Hata sisi hatuingii, Mama. Tunangoja msumeno kesho."

Akashuka nayo mpaka nyumba yao mpya waliyohamishiwa, ghorofa ya tatu, upande wa Busanza. Alikata jerikani katikati, akaijaza udongo alioupandisha kutoka uani chini kwa safari nne, akalizika kondo humo, kwenye roshani, limefungwa kipande cha kitenge kisicho na mshono. Mtoto akaitwa Usumani.

Kiti kiliota wiki ya sita, kidogo, cha miguu mitatu. Hoteli ilifunguliwa mwezi wa tisa. Phiona alipita huko akasema vile kumi na kimoja vimetoboa lami, vimepakwa rangi nyeupe, madereva hukaa wakisubiri, na walioketi sana wanajua kutandika gazeti. Swafiya aliuliza kama kile cha karibu na tanuri bado kina joto. Phiona akasema ndiyo.

Eddie alikuja tena na kishikwambi, safari hii kuandikisha wakazi wa ghorofa. Aliketi kwenye kiti cha roshani baada ya kutandika mfuko wa plastiki.

"Ninyi hapa ni nani, Mama?"

Swafiya alikuwa amelifikiria swali hilo miezi saba.

"Wenyewe," alisema.

Eddie aligusa kioo, akangoja. "Inaomba namba."

"Andika wenyewe."

"Inakataa, Mama. Bila namba imebaki sehemu moja tu: wageni." Akaigusa. Kishikwambi kikalia kidogo kuonyesha kimepokea. Mtoto Usumani, mgongoni kwa mama yake, aliandikwa hivyohivyo.

Eddie alishukuru kwa chai, akataka kuinuka. Mfuko ulikuwa umeshikana na kiti, na suruali na mfuko.

Swafiya akachukua mkasi, akakaa chini, akaanza kutafuta miwani yake. Hakuwa na haraka.