Profesa wa Kisima

Koti la Lucien lilikuwa limekauka nusu tu alipolivaa asubuhi hiyo katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na alipofika Lilongwe lilikuwa limeshika vumbi la njia nzima. Alilikung'uta kwenye ngazi za chuo, akaingia kwa mkuu wa idara kuuliza habari za mkataba wake.

Vibarua vya kufundisha muhula kwa muhula vilikuwa vimemchosha. Chuo kilimwambia: chapisha makala moja, tukuajiri. Akaandika juu ya maji ya visima vya kambi, kazi safi, ya jasho lake. Jarida la kwanza lilikaa kimya mwaka mzima. La pili lilijibu kesho yake: "Profesa mtukufu, makala yako imekubaliwa," kisha likataja ada. Hilo halikumshtua. Kule Bukavu, Kongo, alikokuwa akifundisha, mwandishi ndiye aliyemlipa mpiga chapa, na hakuna aliyeona vibaya. Tena ni nani aliyemwita profesa tangu akimbie? Neno lile lilimlevya, tusidanganyane. Kwaya ya kanisa la kambini ikamtolea akiba yake ya kushonea sare, akalipa ada.

Daktari Chisale, mkuu wa idara, hakumwambia aketi.

"Hili ni jarida la matapeli, bwana. Hawasomi, wanachapa tu. Kamati haiwezi kulihesabu."

"Basi nitaipeleka kwingine, daktari."

"Wapi? Imeshachapwa. Hakuna jarida la maana litakaloipokea tena. Na bila makala, mkataba hakuna."

Ukutani nyuma yake kilining'inia cheti cha jarida lile lile, kwenye fremu, chenye jina la Chisale. Lucien alikitazama. Chisale akageuka, akakitazama pia.

"Mimi nilipandishwa cheo kabla sheria haijabadilika," alisema. "Zikomo, asante, bwana. Ukitoka, funga mlango."

Aliufunga. Alingoja hasira ije, haikuja. Mwili wote ulikuwa umekufa ganzi, kama mkono uliolaliwa.

Jumapili, kabla hajapata pa kuanzia kuwaambia waliomchangia yaliyotokea, mchungaji alimsimamisha mbele ya kanisa la kambini, akatangaza kuwa makala yake imechapwa. Watu wakapiga makofi. Mathilde, kiongozi wa kwaya, akainuka, amevaa gauni lake la kila siku.

"Profesa wetu, Mungu akubariki! Sasa Eliezer, mutoto wa dada yangu, naye iko na mémoire yake, ile kazi aliandika ya kumaliza chuo. Kwenye shule moja ya Area 23, kule Lilongwe, balisema batamupa kazi kama inachapwa. Tutamuchangia vile tulikuchangia we. We njo unajua njia, papa. Utamuandikia bale bantu ba jarida?"

"Mama Mathilde..."

"Eh, papa?"

Kanisa zima lilimtazama kwa tabasamu. Sophie, mkewe, alitabasamu kuliko wote. Naye alikuwa bado hajaambiwa.

"Nitamuandikia," akasema.

Kikapu cha mchango wa Eliezer kikaanza kuzunguka. Kilipomfikia, akakipitisha kwa aliyefuata.