Duara Nyuma ya Kilima

Kaka yangu ni daktari wa meno, na kazi hiyo imemzoesha kuongea peke yake. Mgonjwa ameachama, ana pamba kinywani, atajibu nini? Basi hata akitoka kazini huendelea vivyo hivyo. Pale kwenye uwanja wetu wa ndege wanamwita Masafa, kwa sababu kila akishuka angani ana safari ya kusimulia: ziwani, msituni, mpaka kule milimani kwenye baridi. Husimulia akiwa amekalia meza yangu, anakunywa chai yangu, na marubani wenzake, watu wazima wenye ndege zao ndogo kama yeye, wanamsikiliza mdomo wazi.

Mimi ni mdogo wake, na ndiye karani wa uwanja huo. Ofisi yangu ina dirisha moja linalotazama njia ya kurukia, kabati la chuma lisilofunga vizuri, na redio ambayo kila rubani huipigia kelele utadhani mimi ni kiziwi. Nauza mafuta, naandika nani karuka na nani karudi, nagombana na wanaoegesha ndege ovyo. Kaka simpendelei. Mafuta ananunua kama wengine, na hata chai ningemuuzia kama si yeye aliyenisomesha.

Mwaka huu likaja sharti jipya kutoka mamlaka ya anga. Kila ndege ya mtu binafsi, hata ile ya viti viwili, ifungwe kifaa kinachotangaza muda wote iko wapi, iko juu kiasi gani na inaelekea upande gani. Isiyo na kifaa hairuki. Sababu yake ilieleweka: anga imejaa, na ndege mbili ndogo zikikutana kwenye ukungu hakuna atakayebaki wa kuulizwa. Lakini kaka aliwaka. Aliitisha mkutano ndani ya banda la ndege, akapanda juu ya ngazi ya fundi, akasema sasa tunavalishwa kengele kama mbuzi. Akasema mtu anayetaka kufuatwafuatwa abaki nyumbani na mkewe. Wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, maana kaka akishapamba moto huwezi kukaa umekunja mikono.

Makofi hayakuzuia kitu. Mmoja mmoja, kimyakimya, wale wale waliopiga makofi wakaenda kufungiwa kifaa, mpaka ikabaki ndege ya kaka peke yake, imebandikwa karatasi nyekundu ya kukatazwa kuruka kwenye mlango. Nikamwambia basi na safari ya kwa mama imekufa. Kesho yake akamwita fundi.

Hiyo safari ya kwa mama ina hadithi yake. Mama anaishi ng'ambo ya kilima kilicho mashariki ya uwanja, mbali sana kwa barabara, na siku hizi miguu haimbebi. Kaka aliponunua ndege alimpigia simu akamwambia: nikija tena kwako, nitakuja na ndege yangu, nitatua pale kwenye shamba kubwa. Mama akawatangazia majirani wote. Tangu siku hiyo kaka hajakanyaga kwa mama. Dawa anatuma, simu anapiga kila Jumapili, ila mwenyewe haendi; mara mvua, mara upepo, mara injini inakohoa. Kwa gari haendi, kwa kuwa alishasema atakuja kwa ndege. Mimi ndiye ninayebanana kwenye mabasi kila likizo, na mama akiniona tu anatazama nyuma yangu. Safari hii nilimziba kaka njia. Nilimwambia mama kabisa kuwa Jumamosi tunakuja wote wawili, kwa ndege, atoe kiti nje.

Pamoja na vile vifaa, ofisi yangu ilipata skrini ya kuonyesha ndege zetu zote zilipo. Kabla ya hapo ndege ikipita kile kilima cha mashariki nilikuwa siioni tena mpaka irudi. Sasa naiona mpaka inakotua. Siku kaka aliporuka kwa mara ya kwanza na kifaa kipya, aliandika kwenye kitabu changu kwamba anakwenda ziwani na kurudi. Nikaitazama alama yake ikielekea mashariki, ikavuka ncha ya kilima, halafu ikakata kona. Ikakata tena. Ikachora duara, na juu ya duara hilo duara lingine, kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi.

Nilidhani kifaa kimeharibika. Nikamwita fundi, akaja anafuta mikono kwa tambara, akaangalia, akabonyeza hapa na pale.

"Kifaa kizima, dada," akasema. "Anayezunguka ni yeye."

Nilimwomba afunge mdomo, akakubali. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia mmoja wa wale marubani kutaka mafuta, nami nikasimama mbele ya skrini nikaanza kuifuta vumbi kwa upindo wa kanga yangu. Niliifuta mpaka akaondoka. Yule bwana lazima alinishangaa, maana ofisi yangu haijawahi kusifiwa kwa usafi.

Kaka alirudi baada ya muda ule ule ambao mtu angetumia kwenda ziwani. Mafuta yalipungua kama inavyotakiwa, na ndiyo maana miaka yote sikushtuka. Akakalia meza yangu, akamimina chai, akaanza kunieleza jinsi maji yalivyotulia. Nikaandika kitabuni kwamba amerudi. Nilikasirika, nisiseme uongo. Halafu nikakumbuka Jumamosi, na hasira ikageuka kuwa hofu: nimemwahidi mama, nami nitakaa kando ya mtu ambaye hajawahi kwenda mbali zaidi ya kilima chetu cha hapa.

Kesho yake nilikwenda kliniki kwake, nikangoja mgonjwa wa mwisho atoke, nikaenda kujilaza kwenye kile kiti cha wagonjwa. Akaniuliza jino gani.

"Kaka, siku hizi ziwa limehamia nyuma ya kilima?"

Alikuwa ananawa mikono. Aliendelea kunawa, sabuni ikaisha povu, bado ananawa. Kwa mara ya kwanza ndani ya chumba kile aliyelala kitini ndiye aliyekuwa na maneno, na daktari hana.

Mwisho akavuta kile kiti chake kidogo cha magurudumu, akakaa, akanieleza. Mwaka alipopata leseni alivuka kilima peke yake, kwenda kumshtukiza mama. Wingu likamfunga. Hakujua juu ni wapi wala chini ni wapi, na dira aliiona inamdanganya ingawa mwenye kudanganyika alikuwa yeye. Alitoka kwa bahati, akaona barabara, akaifuata mpaka nyumbani.

"Nilimwita mama," akasema. "Mtu mzima na ndevu zangu, nilikuwa namwita mama. Tangu siku hiyo nikifika pale, mikono inageuza yenyewe."

Nilimuuliza kwa nini basi haachi kuruka. Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini haachi kula. Akasema kule juu ndipo mahali pekee anapojisikia mwepesi, mradi uwanja usiwe mbali. Zile hadithi zilianza siku moja tu, mtu alipomuuliza alikuwa wapi, naye akaona aibu kusema alikuwa hapo nyuma ya kilima tu. Baada ya hapo ikabidi aendelee. Akaniomba niseme kifaa ni kibovu. Nikamkatalia, maana hilo lingekuwa kumchafulia fundi jina. Basi akasema Jumamosi atavuka moja kwa moja mpaka kwa mama. Nikiwa kando yake atavuka.

Msiniulize kwa nini nilipanda. Ni kaka yangu. Nilimpa sharti moja tu: mikono ikitaka kugeuza, aiache igeuze, nami sitasema neno.

Jumamosi kulikuwa kweupe, hakuna hata wingu la kusingizia. Begi langu nililiweka miguuni, na ndani yake nguo mpya za mama. Tuliruka vizuri, kuruka anajua, hilo silipingi. Kilima kikaanza kusogea. Kaka aliyekuwa akinieleza habari za upepo akanyamaza katikati ya sentensi. Jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu. Tukapita ncha, na mbele yetu nchi ikafunguka, mabonde na mashamba mpaka macho yanakochoka, na mahali fulani huko mama amekaa kwenye kiti. Vidole vya kaka vilikuwa vimebana usukani mpaka vimepauka. Alikuwa anajilazimisha, na pumzi yake niliisikia kwenye visikilizio tulivyovaa masikioni ikikatikakatika. Nilikuwa nimeapa kutosema neno.

"Geuza, kaka," nikasema. "Geuza tu."

Akageuza. Bawa likainama upande wangu, nikaona machimbo ya mawe, bwawa, na mabati ya shule. Tulizunguka. Taratibu sauti yake ikarudi, akaanza kunionyesha: pale kuna mzee anayefuga nyuki, ule mti hupukutisha majani kabla ya mingine, lile bwawa lilikauka mwaka juzi. Anapajua pale kama mimi ninavyojua ofisi yangu. Na sikumsikia akitia chumvi hata mara moja.

Tulipotua simu yangu ilikuwa inaita. Mama. Anataka kujua tumefika wapi, maana majirani wameshakaa naye pale nje. Nilimwangalia kaka, amesimama kando ya bawa, kofia mkononi. Nikamwambia mama ndege imepata hitilafu kidogo, tutakuja kwa njia nyingine, tutachelewa.

Kaka akaninyang'anya simu. Si tabia yake kunyang'anya.

"Mama, ndege ni nzima," akasema. "Mwenye hitilafu ni mimi. Naogopa kukiacha kilima nyuma. Sijawahi kufika popote na ndege hii."

Nilisogea nisikie. Kwanza tulisikia sauti za majirani, halafu zikapungua, nadhani aliwaashiria wanyamaze.

"Kwa hiyo miaka yote hii," mama akasema, "ndege ndiyo iliyokufanya usije?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuomba lini ndege, mwanangu?"

Kaka alinirudishia simu, akachukua begi langu, akaenda kulitia kwenye gari lake.